Mwaka wa Siagi ya Pilipili

Tulipomzika baba mkwe wangu mwaka huu, kule Itumba, ndipo nilipomwangalia usoni kwa raha zangu kwa mara ya kwanza. Jeneza lilikuwa wazi sebuleni, watu wanapita wanaaga, na zamu yangu ilipofika nikasimama pale nikaganda, mpaka wifi yangu Tusekile akanivuta kanga. "Twende basi, wifi, unazuia watu." Nilikuwa namkagua. Kumbe alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kumbe masikio ya mume wangu, ambayo nimeyacheka maisha yangu yote, yalitoka pale pale. Mtu nimempikia, nimemfulia, nimemzalia wajukuu, na sura yake nilikuwa naijua kwa kuiba tu, ya pembeni, ya kisogoni. Mila za watu wa mume wangu ndivyo zilivyokuwa kwa sisi wa zamani: mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hamsalimiani, hamwangaliani, hamzungumzi. Akija njia hii, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa na la kukuambia, anamwambia mkewe, na mkewe anakuletea. Leo wake za wanangu mimi wanakaa meza moja na mume wangu wanagombania rimoti ya televisheni, na sioni kama kuna aliyekufa. Lakini sisi tuliheshimiana kwa kukimbiana, na ilikuwa heshima ya kweli.

Baada ya maziko tulikuwa jikoni, wanawake watupu, tunamenya viazi vya chakula cha wageni. Kimya cha msiba. Ndipo mke wa mtoto wa Tusekile, binti mmoja mchangamfu ambaye bado hajui wapi pa kufunga mdomo, akaniuliza, "Mama, samahani, eti ni kweli ulimpaka babu pilipili kichwani?" Weee! Tusekile aliangusha kisu. Mmoja akaanza kucheka kwa pua, mwingine akajifunika kanga, na kufumba na kufumbua jiko zima tunacheka mpaka machozi, mpaka mjomba mmoja akaja mlangoni kuuliza kama kuna aliyezimia. "Sikumpaka," nikamwambia yule binti nilipopata pumzi. "Alijipaka mwenyewe. Na kama mnataka kucheka, chekeni na ukweli wote, siyo huo wa kuokoteza." Nikawasimulia huku tunamenya. Nayaandika haya kwa sababu siku ile niligundua kila mmoja alikuwa anaisimulia kwa namna yake, na wote walikuwa wanakosea.

Mwaka ule nilikuwa bibi arusi mbichi kabisa. Mume wangu Lusubilo alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha Tunduma, na alikuwa ameshapanga vyumba viwili karibu na stendi. Alinionyesha kile cha pili, kitupu, kina dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani, akasema, "Hiki ni jiko lako, Yunisi. Weka unachotaka." Mimi nimekulia Tunduma, mpakani, kwenye malori na wabadilisha fedha, na kile chumba nilikiona ikulu. Lakini kwa watu wake bibi arusi hakabidhiwi jiko siku ya harusi. Anakaa kwanza kwa mama mkwe, anapika kwenye mafiga ya mama mkwe, kwa vyungu vya mama mkwe, mpaka baba wa nyumba aseme neno: mpeni jiko lake. Wengine husemewa baada ya mavuno, wengine hukaa mpaka mtoto wa kwanza anatambaa. Bila neno lile, Lusubilo angelia machozi ya damu na mimi Tunduma nisingekwenda. Basi yeye akawa kule anakula kwa mama ntilie, mimi niko milimani Itumba napigwa baridi, tunaonana Jumamosi kama gari limepatikana na barabara haijageuka tope. Nilimpenda yule kijana vibaya sana, nasema bila aibu, na jiko lile nililitaka kuliko kitu chochote.

Jiko la mama mkwe lilikuwa la kuta za mianzi iliyokandikwa udongo, na udongo ulikuwa umeanguka sehemu nyingi, kwa hiyo kila kilichosemwa uani kilinifikia, na harufu ya kila nilichopika iliwafikia wao. Pale ndipo nilipomfahamu baba mkwe: kwa kikohozi, kwa viatu vyake vizito, kwa jinsi alivyonusa hewa kabla ya kuuliza kumepikwa nini. Jioni moja nikamsikia anaongea na mkewe. "Mtoto wa mpakani huyu," alisema. "Kununua anajua. Kutengeneza je? Siku wakiamka huko Tunduma maduka yamefungwa, mwanangu atakula nini?" Mama mkwe akamjibu, "Baba Lusubilo, mpe muda." "Si nimempa? Nasubiri kitu kimoja tu kilichotoka mikononi mwake. Kikitoka, nitasema neno." Nilikuwa nimeshika mwiko, ugali ukaungua. Kiburi changu kilichomeka kuliko ule ugali, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Kwetu hata nyanya tulinunua zimeshakatwa.

Nikamwambia mama mkwe anifundishe kila kitu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye kicheko cha tumboni kisichotoka nje, na aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Akaanza na maziwa. Walikuwa na ng'ombe watatu, na maziwa yaliyobaki baada ya chai na ya majirani yaliwekwa kwenye chungu mpaka yagande, halafu yanamiminwa kwenye kibuyu kikubwa kilichofukizwa moshi, kinafungwa kwa gunzi, unakaa chini unakipakata na kukisuka. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mikono inakufa ganzi. Wiki za mwanzo nilikuwa nasuka kwa hasira, nafungua kila mara kuchungulia, na maziwa yananitazama vile vile. "Usimpige," aliniambia mama mkwe, "siyo mtoto mtundu huyo. Mbembeleze." Siku moja nikasikia sauti ya ndani ya kibuyu imebadilika, imekuwa nzito, kuna kitu kinadunda, pu, pu, pu. Nikamimina kwenye bakuli, na tonge la siagi likatoka, la manjano, limelowa, zuri kupita kiasi. Nililia. Mama mkwe akaliosha kwa maji ya kisimani, yale ya baridi ya kuuma meno, akalikanda na kumwaga maji ya kwanza meupe, ya pili, mpaka yakatoka safi, maana siagi ikibaki na maziwa inachacha haraka. Halafu akalifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, akaliweka juu ya jiwe bapa karibu na mtungi. Nikauliza, "Tunakula na nini, mama?" Akanishangaa. "Tunakula? Mwanangu, haya ni mafuta ya kujipaka."

Jamani! Nyumba ile siagi hailiwi. Baridi ya Juni kule inapasua miguu mpaka damu, na siagi ilikuwa ya kupaka: watoto wachanga, wazazi waliotoka kujifungua, na juu ya wote baba mkwe, ambaye kila Jumapili kabla ya kanisa alijipaka miguu, mikono na kipara mpaka vinang'aa. Mtu kula siagi ilikuwa sawa na mtu kula sabuni. Mimi nilikuwa nimeona mengine. Pale kwetu Tunduma jirani yetu alikuwa mama wa Kizambia, Bana Chanda, ambaye alivuka mpaka kila asubuhi kwenda Nakonde kupika kwenye nyumba moja ya wageni. Alikuwa anachukua siagi, anaiacha ilainike, anaichanganya na kitunguu saumu kilichopondwa, majani ya giligilani, pilipili, chumvi na maganda ya limau yaliyokwanguliwa, anaiviringisha kwenye karatasi mpaka inakuwa mche, halafu ikiganda anakata vipande vya mviringo na kuviweka juu ya nyama ya moto. Vipande vilivyobaki alituletea. Nilikuwa namuuliza kama ni vigumu, na yeye anasema, "Eya mukwai, ndiyo mama, ni vigumu sana, inabidi uchanganye," halafu anacheka peke yake.

Kwa hiyo tonge la pili nililotoa kwenye kibuyu nikaomba nusu. Giligilani ilikuwa inaota nyuma ya jiko bila kupandwa na mtu. Kitunguu saumu kilikuwepo, limau nikaomba kwa jirani, na pilipili, pilipili za kule ni ndogo kama kucha na zina roho mbaya. Siagi ilikuwa ngumu kwa baridi, nikaiweka karibu na moto ilainike, lakini siyo iyeyuke, maana ikiyeyuka haishiki tena viungo, vinazama chini. Nikakatakata, nikaponda, nikachanganya kwa mwiko mdogo, nikaonja, nikaongeza chumvi. Mama mkwe alisimama mlangoni ameshika kiuno. "Yunisi, unaharibu mafuta." Sikujibu. Nikachukua kiazi cha kuchemsha, nikakipasua kikiwa bado kinatoa mvuke, nikaweka kipande, kikaanza kutambaa kuingia ndani, nikampa. Alikipokea kama mtu anayepokea dawa ya minyoo. Akatafuna, akasimama, akatafuna tena polepole, kisha akafunga mlango. Akafunga mlango! "Lete kingine," akasema, "na Tusekile asijue." Tukala viazi vyote vya chakula cha mchana. Ilibidi tupike upya.

Pale pale tukala njama. Baba mkwe alitaka kitu kilichotoka mikononi mwangu. Basi Jumapili baada ya ibada angewekewa viazi vya moto na siagi ile juu yake, mama mkwe angemwambia imetoka kwa nani, na neno lingesemwa. Jumamosi nikatengeneza mche mzuri, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikauweka juu ya jiwe karibu na mtungi. Mnaona tatizo? Mimi sikuliona. Jiwe lilikuwa moja, majani ya mgomba yanafanana, na ya kujipaka ilikuwa pale pale pembeni. Asubuhi ya Jumapili mama mkwe aliwahi kanisani, ilikuwa zamu ya kikundi chake cha wanawake kufagia, na wakati anatoka akampigia kelele Tusekile, "Mpelekee baba yako mafuta yake!" Tusekile alikuwa msichana wa kwaya, amechelewa mazoezi, nywele nusu zimesukwa nusu bado. Akachukua kifurushi cha karibu, akampelekea, akatimka.

Nilikuwa jikoni nafunga kilemba. Nikainama kutazama mche wangu, nikaona umebaki mmoja, nikaunusa. Haukuwa na harufu. Ulikuwa ule wa kujipaka. Nikachungulia kwenye mianzi, na uani, kwenye kigoda chake, alikaa baba mkwe, amenipa kisogo, suruali amekunja, anajipaka. Miguu ilikuwa imeshamalizika. Alikuwa kwenye shingo anaelekea kichwani. Akasimama kidogo, akanusa vidole, akatikisa kichwa, akaendelea. Sasa niambieni, ningefanya nini? Kumwita siwezi. Kutoka nikasimama mbele yake ni kumvua nguo mbele ya ukoo mzima. Nyumbani hakuna mtu wa kutuma. Nikachukua sufuria nikaliangusha. Akageuka kidogo, akasema peke yake, "Kuku hao," akaendelea na kipara. Nikakohoa kama mtu anayekufa. Akakunjua suruali, akachukua Biblia yake, akaondoka. Na siku hiyo, Mungu wangu, alikuwa anasoma somo.

Mke wa mwana alitakiwa kwenda kanisani nyuma kabisa, mbali. Mimi sikuhitaji kumwona, nilifuata harufu. Njia nzima ya mteremko ilinukia nyumba ya wageni ya Nakonde. Mbwa wawili wa jirani walitoka wakamfuata, wa tatu akajiunga, na yeye anawafukuza kwa Biblia na wao wanarudi wanamlamba visigino. Kanisani nikakaa benchi la mwisho, kanga mpaka kwenye nyusi. Jua lilikuwa limeanza kupiga bati. Wakati wa tenzi niliona wazee waliokaa karibu naye wananusa, wanaangaliana, mmoja anaangalia chini ya benchi. Pilipili nayo, ambayo kwenye baridi ilikuwa imelala, ikaamka. Aliposimama kusoma, kipara kinametameta, kijani kidogo cha giligilani kimeganda juu ya sikio, sauti yake ilitetemeka tangu mstari wa kwanza. Alifuta jasho kwa mkono, mkono ukapita machoni, na basi tena. Machozi yalitiririka. Alisoma huku analia, hakuruka hata neno. Bibi mmoja mbele yangu akaanza kulia naye. "Leo Roho ameshuka," akamnong'oneza mwenzake. Nusu ya kanisa walikuwa wanapangusa macho. Mama mkwe peke yake aligeuka polepole kutoka benchi la mbele, akanitafuta kwa macho, akaniona, na nikaona bega lake moja linaanza kutikisika.

Nilirudi nyumbani nikafunga nguo zangu kwenye kitambaa. Nilikuwa na hakika nitarudishwa kwetu, na hofu ile siicheki hata leo. Nilikaa kwenye gogo la kuni nikiwaza nitamwambia nini Lusubilo, na kile chumba chenye dirisha moja watakaa wapangaji wengine. Uani nikasikia maji yanamwagwa, ndoo baada ya ndoo. Halafu sauti yake. "Yule mtoto ana nini na mimi?"

"Kile ni chakula, Baba Lusubilo," mama mkwe akasema.

"Chakula? Kichwani kwangu?"

"Nani alikuambia ukipake? Alikutengenezea ule na viazi. Ni Tusekile aliyechukua kifurushi sicho."

Kuku mmoja akapita. "Kimebaki?"

"Kimebaki kidogo, kile ulichokuwa hujakifikisha mgongoni."

Nikasikia sahani, kigoda kinavutwa, na mtu anatafuna polepole. Mwisho akasema, "Ina pilipili hii," na mama mkwe akamjibu, "Ungejua kabla, kama ungetanguliza mdomo." Na kicheko chake kile cha tumboni, kwa mara ya kwanza nikakisikia kinatoka nje, kirefu, kinapaa. Mzee hakucheka. Lakini sahani ilirudi jikoni nyeupe, imepanguswa kwa kiazi cha mwisho, na nikafungua kile kitambaa nikarudisha nguo zangu.

Neno halikuja. Wiki ikapita, nyingine ikapita, mahindi mabichi yakaanza kuiva, nikamtengenezea siagi ya asali na chumvi ya kula na mahindi ya kuchoma, nyingine ya kitunguu saumu bila pilipili, na sahani zinarudi nyeupe tu. Kupitia mianzi nilikuwa namsikia, "Mama Lusubilo, ile ya kijani bado ipo?" Lakini kuhusu jiko, kimya. Lusubilo akija Jumamosi ananiangalia, mimi natikisa kichwa, anakwenda kupasua kuni kwa hasira. Nilianza kuamini kwamba nimejikaanga mwenyewe: nani amwachie mtu anayempikia hivi?

Ikafika siku ya soko Isongole. Mama mkwe na Tusekile waliondoka alfajiri; baba mkwe mwenyewe ndiye aliyewabebea kikapu mpaka barabarani, nilimsikia akiwaagiza chumvi. Mimi nikabaki na kibuyu mapajani, nasuka huku naimba. Nikasikia viatu vinakuja. Nikanyamaza, nikasogea nyuma ya mlango. Viatu vikasimama nje ya ukuta wa mianzi, karibu kabisa, na kikohozi kikapigwa.

"Mama Lusubilo," akasema.

Mama Lusubilo alikuwa maili nyingi kutoka pale, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

"Mama Lusubilo, nisikilize, maana haya sisemi mara mbili. Yule mtoto mwambie afunge vyombo vyake. Jumamosi Lusubilo akija waondoke pamoja. Jiko ni lake. Nilisema nasubiri kitu kitoke mikononi mwake, na kimetoka. Nimechelewa kusema. Kosa ni langu." Akakohoa tena. Nikaona kivuli chake kwenye nyufa, kimetazama pembeni, kwenye migomba. "Mwambie pia kwamba anaposuka maziwa huwa anaimba, na mimi huwa nakaa hapa upande huu namsikiliza, na akiondoka nyumba hii itapwaya. Hapana. Hilo usimwambie, Mama Lusubilo. Hilo libaki letu wawili."

Mdomo wangu haukuwa na ruhusa ya kujibu. Nikaweka kibuyu chini. Kwetu Tunduma mwanamke akipewa kitu kikubwa hupiga magoti na kupiga makofi, taratibu, mikono imekunjwa kidogo. Nikapiga magoti nyuma ya ule mlango nikapiga makofi. Yeye akasimama pale pale, hakukohoa wala kusogea, mpaka nilipomaliza, ndipo nikasikia viatu vyake vinaondoka.